Wito wa Pori, Ukisomwa Kutokea Same

Tulivyofundishwa uhakiki shuleni, mandhari hupitiwa mbio. Fani upande huu wa ubao, maudhui upande ule, wahusika wanapewa ukurasa mzima, mandhari inapewa mstari mmoja: "ni ya porini." Basi, tunahamia tamathali za usemi. Kwa The Call of the Wild ya Jack London, iliyotoka mwaka 1903, mstari huo hautoshi hata kidogo. Na pa kuona kwa nini hautoshi ni Same, ambako pori la namna ile limetengenezwa watu wakishuhudia.

Kwa ambaye hajaisoma: Buck ni mbwa wa nyumbani kwa jaji mmoja huko California. Kibarua wa bustani anamwiba na kumuuza, kwa sababu dhahabu imepatikana Klondike, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mbwa wa kukokota mizigo kwenye theluji wanatafutwa kwa udi na uvumba. Anapigwa rungu hadi anashika adabu. Anajifunza kuiba chakula, anamshinda Spitz, kiongozi wa kundi, na baada ya kupita mikono kadhaa anaangukia kwa John Thornton, mtu wa kwanza anayempenda kweli. Thornton anauawa, Buck anaingia msituni na mbwa mwitu.

Hapo Kiswahili kinatuletea jambo. Neno letu mbwa mwitu linabeba wanyama wawili: yule wa Ulaya na Marekani mwenye manyoya mazito, na huyu wetu mwenye madoadoa na masikio ya duara. Msomaji wa Same akisoma kwamba Buck alikwenda kwa mbwa mwitu, hafikirii theluji. Anafikiria Mkomazi.

Kabla ya kufika huko, niseme kidogo kuhusu tashihisi, maana ndiyo iliyozua ugomvi. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliwashambulia hadharani waandishi waliowapa wanyama tabia zisizo zao, na London, kwa ajili ya riwaya yake White Fang, alikuwamo. London akajibu mwaka uliofuata. Mwaka 1909 Roosevelt huyohuyo akashuka Mombasa, akapanda treni iliyokatiza Tsavo, na katika safari ile yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama wakubwa 512. Yaani mtetezi wa ukweli wa wanyama! Mimi ubishi ule wa kama mbwa anaweza kufikiri haunisumbui. London anamtumia msimulizi wa nafsi ya tatu anayekaa karibu sana na Buck, na anaikubalisha kazi hiyo. Kinachonisumbua ni kitu anachopitia upesi zaidi.

Tsavo ile inapakana na Mkomazi. Ukitoka Same mjini, lango la Zange liko kilometa chache tu, na barabara ya kwenda Kisiwani inapita katikati: milima ya Upare upande mmoja, hifadhi upande wa pili. Ni eneo la kilometa za mraba zaidi ya 3,200, lililotangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951. Wakati ule baadhi ya familia za wafugaji ziliruhusiwa kubaki ndani na ng'ombe wao. Kufikia mwaka 1988 wafugaji wote walikuwa wameondolewa. Mwaka uliofuata akaja Tony Fitzjohn, aliyekuwa msaidizi wa George Adamson kule Kora, Kenya, ili kulifufua pori: barabara, viwanja vya ndege, faru weusi walioletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini na kuwekwa ndani ya uzio, na mbwa mwitu.

Habari ya mbwa ndiyo The Call of the Wild iliyogeuzwa kichwa chini. Watoto wa mbwa mwitu walikusanywa, wakalelewa kwenye mabanda, wakalishwa, wakazaliana, kisha vizazi vyao vikafunguliwa milango. Buck aliitwa na pori. Hawa walifundishwa kulirudia. Sibezi kazi hiyo. Mnyama huyu kwa miongo mingi alipigwa risasi hata na walinzi wa wanyama wenyewe, akihesabiwa mharibifu, na leo kumwona ni bahati. Lakini pote pawili pori halijitokei lenyewe. Kwa Buck, wito ulianza na bei ya mbwa sokoni. Mkomazi ulianza na amri ya kuhama.

Sasa turudi kwenye kile London anachokipitia upesi. Mwishoni mwa riwaya wanatokea Wayeehat, kabila alilolibuni. Hawana jina hata mmoja, hawana sababu, hawana mazungumzo. Wanamuua Thornton, Buck anawararua, na kamba ya mwisho inayomfunga na binadamu inakatika. Kimsuko wanahitajika kwa kazi moja tu: kuondoka njiani. Ni udhaifu mkubwa wa kitabu kizuri.

Wafugaji wa Mkomazi hawakukubali kuwa wahusika wa namna hiyo. Walifungua kesi Moshi, ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1999 wakaambiwa, pamoja na mengine, kwamba Wamaasai walikuwa wageni katika eneo lile. Hawakurudi. Swali la nani alitangulia likageuka kuwa swali la nani anasimulia. Fitzjohn alisimulia upande wake katika Born Wild mwaka 2010. Dan Brockington, mtafiti, alikuwa ameshaandika Fortress Conservation mwaka 2002, ambamo wafugaji wana sauti, wana hesabu za ng'ombe, wana hasira. Visome pamoja, ukianza na chochote. Mandhari ni ileile, lakini utadhani ni nchi mbili.

Na lipo jina lenyewe. Mkomazi, inaelezwa, ni neno la Chasu, lugha ya Wapare: mko ni kijiko, mazi ni maji. Maji ya kijiko tu. Hakuna mnyama anayepima maji kwa kijiko. Aliyelitaja hivyo alikuwa na kiu, alikuwa na chombo mkononi, na yamkini alikuwa na mifugo nyuma yake.

Riwaya ninayoisubiri kwa Kiswahili ingeanzia hapo, kiangazi, na mbwa mwitu angekuwamo tangu ukurasa wa kwanza, akiwanyemelea mbuzi wa mtu mwenye jina.