Ukungu Mwema wa Shamba la Karanga

Karanga zilitoka Amerika Kusini zikaja Afrika na meli za Wareno. Leo ni zao la familia nyingi za mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka Palma na Mocímboa da Praia hadi Pemba. Adui yake anaishi udongoni: ukungu uitwao Aspergillus flavus, unaozalisha sumukuvu.

Sumu hiyo ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Baadaye macho yaligeukia Msumbiji. Huko Inhambane, watafiti walikuta saratani ya ini ikienda sambamba na sumukuvu katika chakula. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya.

Joto na ukame huupa ukungu huo nguvu.

Kinga ilipatikana kwa nduguze. Mtafiti Peter Cotty wa Marekani alionyesha kuwa aina zisizo na sumu, zikitangulia shambani, huzinyima nafasi zile zenye sumu. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ikaileta njia hiyo Afrika kwa jina la Aflasafe: punje za mtama zilizopakwa ukungu mwema, uliotoka katika udongo wa Afrika yenyewe, humwagwa shambani kilo 10 kwa hekta. Kenya iliisajili mwaka 2015, Tanzania 2018, na Msumbiji ikafuata.

Vita vilivyoanza 2017 viliwang'oa wakulima wengi wa Cabo Delgado. Wanaporejea, wapewe punje hizo pamoja na mbegu na majembe.