Kutu Kwanza, Rangi Baadaye: Lori la Jeshi Katika Historia ya Arua na Koboko

Gazeti kama hili kwa kawaida linajaa picha za watu, na ni vizuri. Lakini mimi naomba kurasa chache niongee juu ya chuma. Si unajua, hapa mpakani hakuna mtu mzima asiye na lori la jeshi katika kumbukumbu zake. Mwingine analikumbuka lililomleta baba nyumbani kwa likizo. Mwingine anakumbuka mlio wake usiku, na mama akisema, “Amkeni, tunaondoka.”

Basi leo tuliangalie lori lenyewe. Lilifikaje huku? Kutu inalila vipi? Na mtu mwenye pesa kidogo anawezaje kulirudisha barabarani, libebe mahindi, mbao na viti vya harusi badala ya askari? Nitasema neno langu mapema: anayepaka rangi juu ya kutu anajidanganya. Ni kweli kwa bati, na ni kweli kwa historia yetu.

Magari yalikujaje

Kumbuka kwamba West Nile ilichelewa kuingia Uganda. Sehemu hii ilikuwa ndani ya Lado ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alikufa Desemba 1909, mwaka uliofuata ikaenda chini ya Sudan, na mwaka 1914 ndipo ikaunganishwa na Uganda. Mwaka huohuo wa 1914 Waingereza waliifanya Arua kituo chao cha utawala. Wakati huo mzigo ulibebwa kichwani.

Vijana wetu wengi walichukuliwa katika King's African Rifles, jeshi lililosema Kiswahili. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Afrika Mashariki walifika hadi Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ilipita Bonde la Kabaw katikati ya mvua na matope. Kulikuwa pia na kikosi cha uchukuzi, East African Army Service Corps. Huko Waafrika wengi walijifunza kuendesha na kutengeneza malori. Kwa hiyo usishangae lugha ya gereji zetu ikiwa na maneno mengi ya kambini. Fundi wa kizazi kile alisoma spana kabla hajasoma kitabu.

Malori ya Waingereza ya wakati huo yalikuwa kama Bedford QL. Zilitengenezwa zaidi ya 50,000 katika vita ile, na magurudumu yake yote manne yalisukuma. Baada ya uhuru wa 9 Oktoba 1962, jeshi la Uganda liliendelea kutumia vifaa vya Kiingereza. Idi Amin alipochukua serikali 25 Januari 1971 akaja kugombana na Uingereza, vifaa vingi vikaanza kutoka Umoja wa Kisovyeti. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Pamoja nao yakaondoka maduka mengi ya vipuri. Toka hapo gari likiharibika, fundi alitafuta kipuri ng'ambo ya mpaka au alikichonga mwenyewe. Ustadi wa kuunganisha kisichounganika tuliupata kwa shida.

Mwaka ambao malori yalielekea kaskazini

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania. Vita ikawarudia. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, na tarehe 3 Juni 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilifika mpaka wa Sudan. Katikati ya tarehe hizo mbili, barabara yetu ilijaa magari. Askari waliokimbia walipita Arua na Koboko, wengine wakaingia Sudan, wengine Zaire. Ndugu msomaji, gari lisilo na mafuta halivuki mpaka. Linabaki pale lilipozimika.

Halafu Oktoba 1980 askari wa zamani walirudi wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, UNLA, lilipokuja kulipiza, walioumia zaidi ni raia. Watu walihama kwa maelfu kwenda Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 waliojificha katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humohumo walimotafuta usalama. Miaka ya baadaye vikaja vikundi vingine na mapigano mengine, mpaka UNRF II wakasaini amani na serikali 24 Desemba 2002.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Kijana akiona lori la kijani limekaa chini ya mwembe, anaona chuma cha kuuza kwa kilo. Bibi yake akiliona, tumbo linamkata. Wote wawili wanatazama kitu kilekile. Ukitaka kulitengeneza, lazima ujue wote wawili wapo.

Kabla ya kushika spana

Kwanza karatasi. Gari la jeshi si mali ya aliyelikuta. Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inamkataza raia kushika vifaa vya jeshi bila ruhusa. Kwa hiyo nunua lile lililouzwa kwa njia halali, kama vile mnada wa serikali, likiwa na hati, na uhakikishe namba ya chasisi inalingana na hati hiyo. Kama hati hazipo, acha. Afadhali ukose lori kuliko ulale ndani.

Pili, gari lililoachwa porini usiliingie kichwakichwa. Ukikuta kitu kama risasi, bomu au chuma usichokijua, usikiguse, usikipige teke. Weka alama kwa mbali na uite polisi. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kusafisha maeneo ya mabomu ya ardhini yaliyojulikana, lakini kipande kimoja kilichosahauliwa kinatosha kumaliza familia.

Tatu, piga hesabu ya mafuta kabla ya hesabu ya rangi. Tuseme umepata ZIL-131 ya Kirusi: injini ya petroli, silinda 8, magurudumu 6 yanayosukuma. Gari la aina hii linaweza kunywa lita 40 kwa kilomita 100. Arua hadi Koboko ni kilomita kama 55. Kwenda na kurudi ni lita 44, na hapo hujapita matope. Ndiyo maana wengi wenye magari hayo hutoa injini ya petroli wakaweka ya dizeli. Kama hesabu hii inakushinda, usinunue hata kopo la rangi.

Kutu ni nini, na iko wapi

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Inavimba: nafasi inayochukua ni zaidi ya mara mbili ya chuma kilichokuwepo. Kwa hiyo inafumuka kama magamba, na chini ya magamba maji yanajificha. Ukipaka rangi juu yake, umeyafungia maji ndani. Baada ya msimu mmoja wa mvua za kwetu, rangi inapanda malengelenge. Watu watasema rangi ilikuwa mbaya, kumbe rangi haina kosa.

Anza na chasisi, si mlango. Ingia chini ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Tazama zaidi pale springi zinaposhikana na chasisi, chini ya sakafu ya kabini, na kila kona inayoshika matope. Chasisi ikiwa na ufa au tundu unaloingiza bisibisi, hapo ni kazi ya mchomeleaji anayejua, akate kipande kibovu aweke kizima cha unene uleule. Kufunika tundu kwa puti ni kumdanganya abiria wako.

Halafu breki, usukani na tairi. Tairi lililokaa miaka mingi lina nyufa hata kama meno yake ni mapya. Na angalia sana rimu za vipande, zile zenye pete ya kufungia. Pete ikiruka wakati wa kujaza upepo, inaua. Toa upepo wote kabla ya kuifungua, na wakati wa kujaza tumia kizimba cha chuma, usimame mbali.

Kutoa kutu kwa mfuko mdogo

Njia ya bei nafuu kabisa ni mikono: kikwangulio, brashi ya waya na msasa. Inachosha, lakini vijana sita kwa wiki mbili wanaweza kufanya kazi kubwa. Grenda yenye brashi ya waya inaharakisha, na miwani ya kinga si ya mchezo.

Lakini sikiliza. Rangi za zamani, na za jeshi zikiwemo, mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usisugue rangi kavu. Lowesha kwa maji, usugue, ukusanye uchafu wake kwenye turubai. Vaa barakoa nzuri, nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto. Vitambaa vya breki za zamani navyo vinaweza kuwa na asbestosi, kwa hiyo usivipulize kwa upepo. Na usirushe mchanga wa mtoni kwa kompresa kusafisha bodi. Vumbi lake linaharibu mapafu na haliponi.

Vipuri vidogo kama bawaba, boliti na mabano havihitaji nguvu. Changanya sehemu 1 ya molasi na sehemu 9 za maji ndani ya pipa la plastiki, utumbukize, uache wiki mbili au tatu. Harufu ni mbaya, lakini kutu inaachia. Suuza, kausha mara moja na upake mafuta. Njia nyingine ni umeme wa betri: kijiko kikubwa 1 cha magadi soda kwa kila lita 4 za maji, kipuri kwenye waya wa hasi, chuma chakavu kwenye chanya. Fanya nje penye hewa, kwa sababu inatoa gesi inayowaka, na usitumie stenlesi kwenye chanya, inaleta sumu.

Sasa ndiyo rangi

Chagua kiangazi, kati ya Desemba na Februari. Usianze alfajiri. Subiri umande ukauke kabisa, na umwage maji chini kuzuia vumbi. Futa chuma kwa tina mpaka kitambaa kitoke safi.

Chuma kikibaki uchi usiku mmoja, kutu inarudi. Kwa hiyo paka praima siku ileile uliyosafisha: makoti mawili, la kwanza likauke kabla ya la pili. Praima nyekundu ya chuma inapatikana kirahisi. Kisha rangi ya enameli, makoti mawili membamba. Huna kompresa? Brashi na rola zinatosha. Hili ni lori, si gari la bwana harusi.

Hesabu ni hivi. Lita 1 hufunika kama mita 10 za mraba. Kama lori lako lina eneo la mita 40, koti moja ni lita 4, na makoti manne ni lita 16. Ongeza kidogo ya kupotea, zinakuwa kama lita 18 za praima na rangi. Nunua rangi yote siku moja ili isitofautiane. Mbao za nyuma zibadilishwe mwisho, chini yake pakiwa pameshapakwa.

Rangi gani? Usirudishie kijani cha jeshi wala madoadoa. Utasimamishwa kila kizuizi, na zaidi ya hapo utawatisha watu. Nyeupe tupu nayo inafanana na magari ya Umoja wa Mataifa, ambayo tangu Bidi Bidi ilipofunguliwa Agosti 2016 tunayaona kila siku. Wapo kati yetu waliovuka kutoka Kaya kuingia Oraba na mtoto mgongoni. Hao hawahitaji tena kuuliza hili ni gari la nani. Paka njano, au nyekundu ya udongo wetu. Na mwandikie mwenyewe jina mlangoni.

Usifute kila kitu

Ombi langu la mwisho. Kabla brashi ya waya haijapita, piga picha. Namba iliyoandikwa kwa rangi, tundu la risasi kwenye mlango, jina ambalo askari fulani alilikwaruza ndani ya kabini: vipigwe picha, viandikwe kwenye daftari. Kisha mwite mzee na umwulize, “Mzee, magari kama haya yalipopita hapa, ulikuwa wapi?” Keti, usikilize. Kama hataki kusema, mwache. Kama anasema na kulia, ngoja amalize. Kazi inaweza kuanza kesho yake.

Leo lami imetoka Vurra, ikapita Arua na Koboko, mpaka Oraba. Ni barabara ileile ya mwaka 1979. Lori lililotengenezwa vizuri litaipita likiwa na magunia na nyimbo, na watoto watalipungia mkono badala ya kukimbilia vichakani. Ila lisipande barabarani likiwa limeficha kutu yake. Ng'oeni kutu kwanza, wapendwa. Rangi itafuata.