Kipimo cha umeme wa moyo: kinachoonya na kisichoonya

Aprili 25, 2019, Papy Faty, mzaliwa wa Bujumbura na mchezaji wa timu ya taifa ya Burundi, alianguka uwanjani nchini Eswatini akaaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka 28. Tatizo lake la moyo lilikuwa likijulikana, na alikwisha kushauriwa aache soka.

Kifo cha namna hiyo huacha swali lile lile, Buterere kama kwingineko: je, hatari hiyo inaweza kuonekana mapema?

Miongoni mwa maradhi yanayoweza kuua ghafla ni yale ya msuli wa moyo, yaitwayo kadiomayopathi. Msuli huweza kunenepa, kama ilivyobainika kwa Mkameruni Marc-Vivien Foé, aliyefariki mjini Lyon mwaka 2003. Huweza pia kutanuka na kulegea, hali inayowapata baadhi ya akina mama karibu na wakati wa kujifungua. Makovu yakijitokeza ndani ya msuli, mkondo wa umeme hukosa njia iliyonyooka. Huzunguka kovu na kurudi ulikotoka, na moyo hupiga mbio zisizosukuma damu.

Kipimo cha umeme wa moyo, maarufu kama ECG, hakiumizi wala hakichukui muda. Vibandiko 10 huwekwa kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mawimbi. Wimbi la vyumba vya chini likizidi milisekunde 120, au likionekana limevunjika-vunjika, daktari hushuku kwamba umeme unapita kwa shida. Hata hivyo, mchoro wa kawaida hunasa sekunde 10 tu, na wapo wagonjwa ambao mchoro wao hauna kasoro. Ndiyo maana wengine huvalishwa kifaa cha Holter kwa saa 24 au zaidi, ili mbio za ghafla zinaswe. Picha ya moyo nayo hupima nguvu ya kusukuma damu: ikibaki asilimia 35 au chini licha ya dawa, huzingatiwa kupandikiza kifaa cha kuushtua moyo, ambacho bei yake wengi hawaimudu.

Yapo pia maswali yasiyogharimu kitu. Je, mgonjwa amewahi kuzirai akikimbia? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Daktari asipouliza, mgonjwa aseme mwenyewe. Karatasi ya ECG ya zamani nayo isitupwe, kwani daktari huilinganisha na mpya kuona kilichobadilika.