Kantri, si Muziki wa Mashambani

Ingia kwa kinyozi yeyote mjini Nakuru uombe uwekewe "muziki wa mashambani". Utachezewa nyimbo za harusi za kijijini. Omba kantri, na kabla hujafungwa kitambaa shingoni Don Williams ameshaanza kuimba.

Mimi niko upande wa kinyozi. Watafsiri waliogeuza "country music" kuwa "muziki wa mashambani" walitafsiri neno wakauacha muziki. Mkulima wa viazi kule Molo ana nyimbo zake za shambani, zenye majina na lugha yake. Kantri ni mtindo mahususi: msimulizi asiye na haraka, gitaa kavu chini ya sauti yake, na mara nyingi gitaa la chuma. Mpigaji wa gitaa hilo huburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi, hivyo noti haziruki. Huteleza kutoka moja hadi nyingine, kama sauti ya mtu anayekaribia kulia.

Ukiongeza ngoma na gitaa la umeme, kama walivyofanya vijana wa California mwishoni mwa miaka ya 1960, unapata kantri-roki. Sikiliza "Peaceful Easy Feeling" ya kundi la Eagles, ya mwaka 1972, iliyotungwa na Jack Tempchin. Wengi huuita wimbo wa polepole, nami nadhani wanakosea. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea vizuri tu. Kilicho laini ni sauti: ngoma hazimsukumi mwimbaji, na kwenye kiitikio wenzake wanaingia chini yake bila kumfunika. Ndiyo maana nasema kantri-roki laini. Ulaini huo ndio unaomshika hata asiyefuata Kiingereza chake, miaka zaidi ya 50 baadaye.

Na kinyozi wa Nakuru si wa kwanza: Bonde la Ufa lilishalipokea jina la kantri kwa sikio zamani. Mwaka 1950, huko Kapkatet, upande wa Kericho, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha kwa kinubi. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Hawakutafuta maana ya jina lake. Walilisikia, wakalitamka kwa ulimi wao, na mwenye jina akawa nusu mtu nusu swala, anayeitwa kwa jina linaloanza kama majina ya wasichana wa huko, Chebet au Chemutai.