Nyonga bandia isiyo na saruji: mfupa unavyobadilika miaka baada ya upasuaji

Kama unamhudumia mtu aliyewekewa nyonga bandia, huenda siku moja daktari akaitazama picha ya eksirei na kusema, "Mfupa umepungua kidogo hapa juu." Ni maneno ya kutisha, hasa kwa familia iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibondo au Kasulu kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya upasuaji huo. Mara nyingi upungufu huo ulitarajiwa tangu mwanzo. Lakini yapo mabadiliko mengine ambayo si ya kawaida, na baadhi yake huendelea kwa miaka bila mgonjwa kusikia maumivu yoyote.

Nani huwekewa nyonga ya aina hii

Watu wengi hudhani nyonga bandia ni ya wazee. Kwetu sivyo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na ugonjwa huo unaweza kuziba mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa ukikosa damu hufa, kisha kichwa chake hubonyea. Ndiyo maana kijana wa miaka 20 au 30 anaweza kuhitaji upasuaji ambao jirani yake anaujua kama wa bibi aliyevunjika nyonga. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi na unywaji wa pombe kupita kiasi huleta tatizo hilo hilo.

Nyonga bandia ina kikombe kinachokaa kwenye fupanyonga, kichwa cha mviringo, na shina la chuma linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Kuna njia mbili za kulishikiza shina hilo. Ya kwanza ni kwa saruji maalumu ya mifupa, na hutumika sana kwa wazee wenye mifupa laini. Ya pili haitumii saruji. Shina hugongwa taratibu mpaka likabane, kisha mfupa wenyewe ndio hulishika. Njia hii hupendelewa kwa vijana wenye mfupa imara. Muulize daktari mgonjwa wako amewekewa ipi, na jibu liandikwe kwenye daftari lake.

Mfupa unavyolishika shina

Uso wa shina lisilo na saruji huwa na vitundu vidogo, au hupakwa madini yanayofanana na yale ya mfupa. Katika wiki 6 hadi 12 za mwanzo mfupa mpya huota na kuingia kwenye uso huo, na kazi ya kukomaa huendelea kwa miezi mingi zaidi. Shina likitikisika sana katika kipindi hiki, badala ya mfupa huota nyama ngumu isiyoshika vizuri. Kwa hiyo magongo aliyopewa si ya kutupwa kwa sababu mgonjwa anajisikia ana nguvu. Atayaacha daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakaposema.

Katika mwaka wa kwanza au wa pili baadhi ya wagonjwa husikia maumivu madogo ya paja, hasa wanapoanza kutembea. Mengi hutulia yenyewe. Yataje kliniki, lakini usiyaogope.

Upungufu unaotarajiwa

Umewahi kuona mkono wa mtoto baada ya kukaa wiki 6 kwenye plasta? Hutoka mwembamba, kwa sababu misuli isiyofanya kazi hupungua. Mfupa nao uko hivyo. Hujijenga pale unapobebeshwa uzito na hupungua pale unapopumzishwa. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliieleza kanuni hiyo mwaka 1892, na bado ndiyo inayotumika.

Sasa fikiria shina la chuma ndani ya paja. Chuma ni kigumu kuliko mfupa, hivyo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili na kuushusha chini, karibu na ncha yake. Mfupa wa juu, hasa upande wa ndani wa paja, hubaki na kazi kidogo, nao hupungua. Upungufu mkubwa hutokea miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Katika mwaka mmoja sehemu hiyo inaweza kupoteza kama moja ya tano ya madini yake, na kwa wengine zaidi. Baada ya hapo kasi hupungua sana, na kwa kawaida mfupa hutulia kufikia mwaka wa pili. Karibu na ncha ya shina, kinyume chake, mfupa unaweza kunenepa kwa sababu ndipo uzito unaposhukia.

Tofauti na mkono wa mtoto, mfupa huu hautarudi wote kama ulivyokuwa, kwa kuwa chuma kinabaki mle mle. Hilo halimaanishi nyonga imelegea. Wagonjwa wengi huishi na upungufu huo miaka mingi bila shida. Kosa ninaloliona likifanywa kwa upendo ni familia kusikia "mfupa umepungua" na kumkalisha mgonjwa kitini, asifue, asitembee, asiguse kazi. Kukaa hivyo huongeza upungufu. Kutembea kila siku ni sehemu ya matibabu.

Matundu yanayokuja kimya

Mabadiliko ya pili ni tofauti kabisa. Kichwa cha nyonga huzunguka ndani ya kikombe ambacho mara nyingi kimewekewa plastiki ngumu. Kwa miaka, plastiki hiyo husagika na kutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, na huanzisha uvimbe unaoula mfupa. Kwenye eksirei huonekana kama matundu kuzunguka kikombe au shina, mara nyingi baada ya miaka 5, 10 au zaidi.

Plastiki zilizoboreshwa, zilizoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, husagika kidogo zaidi. Hata hivyo hazikuondoa hatari yote, na kijana anayetembea sana kwa miaka mingi huisaga nyonga yake kuliko mzee. Matundu haya yanaweza kukua mgonjwa akiwa anatembea vizuri kabisa, mpaka siku nyonga inapolegea au mfupa unapovunjika. Yakigunduliwa mapema, kuna uwezekano wa kubadilisha plastiki pekee kabla shina halijalegea. Yakichelewa, upasuaji unakuwa mkubwa na mfupa wa kushikia chuma kipya umebaki kidogo.

Tunza picha ya kwanza

Picha moja ya eksirei haisemi mengi kuhusu mabadiliko ya miaka. Daktari anahitaji kulinganisha ya leo na ya zamani. Mstari mwembamba uliopo tangu mwaka wa kwanza bila kuongezeka si jambo kubwa. Mstari huo huo ukiwa mpya mwaka wa nane ni habari nyingine. Kwa hiyo picha iliyopigwa mara baada ya upasuaji ni mali, itunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Iweke mahali pakavu, isikunjwe, isikae karibu na moshi wa jikoni. Kama hospitali hutoa picha kwenye sidii au simu, omba nakala na mtumie ndugu mwingine aihifadhi pia. Omba vilevile karatasi au stika inayoonyesha aina na ukubwa wa nyonga iliyowekwa. Siku ikihitajika kurekebishwa, daktari mgeni atajua ni vifaa gani vinaoana nayo.

Ratiba ya kurudi hutofautiana. Wengi huonwa baada ya wiki 6, kisha mwaka mmoja, kisha kila baada ya miaka michache, hata kama hakuna maumivu. Si lazima kila safari iwe ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Waulize waliompasua kama picha inaweza kupigwa karibu, mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni pale Kigoma, kisha wao watumiwe.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona maumivu mapya ya paja au kinena baada ya miaka ya utulivu, hasa anapoinuka na kupiga hatua za kwanza; mguu unaoonekana kuwa mfupi au umegeuka; au kuchechemea kunakoongezeka. Homa pamoja na maumivu ya nyonga, au usaha kwenye kovu, hata miaka baadaye, inaweza kuwa maambukizi. Hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, zaidi kwa mwenye selimundu. Usikubali nyonga ichuliwe au kuvutwa na mtu yeyote kabla haijapigwa picha.

Kazi za nyumbani

Kwa kila hatua nyonga hubeba takriban mara 2 na nusu hadi 3 ya uzito wa mwili. Ndoo ya lita 20 kichwani kwenye mteremko wa mtoni, basi, si kilo 20 tu kwa nyonga hiyo. Mgawie mzigo mdogo, au kazi hiyo ichukuliwe na mwingine. Kulima kwa kuinama sana, kukalia kigoda kifupi na kuchuchumaa chooni kunaweza kuichomoa nyonga, hasa miezi ya mwanzo. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo, fundi yeyote anakitengeneza.

Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani husaidia mifupa. Dawa za kuzuia upungufu wa mfupa zipo, ila si za kila mgonjwa, na hazinunuliwi dukani kwa kubahatisha. Mwenye selimundu aendelee na dawa zake na kliniki yake. Nyonga mpya haikuuondoa ugonjwa.

Msimu wa mvua, njia za udongo huteleza, na mfupa uliopungua kuzunguka chuma huvunjika kirahisi kuliko mwingine. Mpe fimbo na viatu visivyoteleza, na usiku asiende chooni bila tochi. Akianguka akashindwa kusimama, asilazimishwe kutembea wala kupakiwa kwenye bodaboda. Mlazeni, mguu ubaki kama ulivyo, tafuteni gari, na picha zake za eksirei ziende naye.