Je, Ninyi Hamumngojei?

Fungu la kusoma: Luka 2:25–38



Mwisho wa Novemba mwaka mmoja nilivuka mto Athi kutoka kwetu Makueni, nikaenda kumwona binti yangu upande wa Kitui. Ameolewa katika nyumba ya Wakatoliki. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha na kunde zimeanza kutoa majani. Jumapili jioni, vyombo vilipokwisha kuondolewa, watoto walileta mezani ungo uliozungushiwa matawi mabichi, na kati ya matawi mishumaa minne. Baba yao akawasha mmoja tu. Mtoto mkubwa akasoma katika kitabu cha Isaya, wakaomba, wakakaa kimya kidogo. Ndipo mjukuu wangu mdogo akanigeukia: "Susu, kwenu mnafanyaje wakati wa Majilio?"

Nikamjibu upesi, "Sisi hatuna mambo hayo."

Akanitazama kwa mshangao. "Kwa hiyo ninyi hamumngojei Yesu?"

Ndugu zangu, nimefundisha Shule ya Jumapili miaka mingi, lakini swali hilo liliniondolea usingizi. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuihukumu ile mishumaa kuwa ni desturi ya Wakatoliki, haituhusu. Niliporudi nyumbani nikaanza kuuliza wazee na kusoma vitabu, nikagundua kwamba nilikuwa sijui habari za nyumba yangu mwenyewe.

Kwanza, shada lile la mishumaa halikuanzia kwa Wakatoliki. Lilianzishwa na Johann Hinrich Wichern, mtumishi wa Kanisa la Kilutheri huko Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1833 alifungua nyumba ya kulea watoto maskini waliokuwa wakizurura mjini. Inasimuliwa kwamba watoto hao walimsumbua kila siku: Krismasi itafika lini? Basi mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akasimamisha juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi, na mikubwa minne mieupe kwa Jumapili nne. Kila siku mmoja uliwashwa, na mtoto asiyejua kusoma kalenda aliona kwa macho yake kwamba nuru inaongezeka. Ni karibu miaka ya 1920 ndipo Wakatoliki wa Ujerumani walipoipokea desturi hiyo. Nilichokidharau kwenye meza ya mkwe wangu kilitoka kwetu.

Pili, tazameni historia ya Ukambani. Dr. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka kidogo, akauona Mlima Kenya, na vilele vyake vyeupe kwa theluji. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na jana yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alipoandika habari hiyo, wataalamu wa Ulaya walimcheka: theluji itokee wapi penye jua kali namna hiyo? Ilipita zaidi ya miaka 30, hata Joseph Thomson alipouona mlima huo mwaka 1883, ndipo shaka ilipokwisha. Lakini mlima ulikuwapo siku zote. Wakamba waliujua, nao ndio waliomwambia Krapf habari zake. Kitu kikifichwa na wingu hakijaondoka.

Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851, akitaka kufungua misheni. Kivoi aliuawa karibu na mto Tana, na Krapf akatoroka peke yake porini, amebeba maji ndani ya mtutu wa bunduki yake. Alirudi pwani bila misheni na bila mwongofu hata mmoja wa Kitui. Tena mkewe na mtoto wake mchanga alikuwa amekwisha kuwazika Mombasa mwaka 1844. Alifariki kwao Ujerumani tarehe 26 Novemba 1881, Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alikuwa kama Simeoni, ila Simeoni alimpakata mtoto mikononi kabla ya kufa. Krapf hakuona kanisa hata moja Ukambani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wa Ujerumani walifungua misheni Ikutha, na baadaye Mulango. Kwao mwaka wa kanisa huanza kwa Majilio, kama ilivyo kwa ndugu zetu Waanglikana. Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa, kazi yao ikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Na hiyo Africa Inland Mission ilianzaje? Peter Cameron Scott na wenzake walifika Nzaui, hapa Makueni, Desemba 1895. Desemba 1896 Scott alikwisha kufa kwa homa, na katika miaka michache karibu wote aliokuja nao walikufa au walirudi kwao. Aliyewatazama siku hizo angesema kazi imekwisha. Leo ukisimama Nzaui Jumapili asubuhi, utasikia nyimbo kutoka vilima vyote.

Wapendwa, hao ndio baba zetu. Walipanda kama sisi tupandavyo Oktoba, mbegu katika udongo mkavu, kabla wingu halijaonekana. Mtoto wa Ukambani hahitaji kufundishwa maana ya kungoja mvua. Lakini ni nani amfundishe kumngojea Bwana, kama nyumbani Krismasi ni nguo mpya na chapati tu?

Sisemi kwamba hakuna tofauti kati yetu na Wakatoliki. Ziko, nasi tunazijua. Wala mshumaa hauokoi mtu. Lakini kweli ya kwamba Bwana alikuja, na ya kwamba atakuja tena, si mali ya dhehebu moja.

Basi nawaomba wazazi, mwaka huu tengeni Jumapili nne jioni. Ya kwanza someni Isaya 9:2–7, ya pili Isaya 40:1–11, ya tatu Mathayo 25:1–13, ya nne Luka 1:26–38. Mtoto na asome, hata akisitasita. Mwacheni aulize. Kama hakuna mishumaa, kila Jumapili mtoto aweke jiwe moja mezani. Mawe yakitimia manne, atajua kwamba siku imekaribia.

Nami nilimpigia simu mjukuu wangu. Nikamwambia, "Tunamngojea, mama. Ila tulikuwa tumesahau kuwaonyesha watoto." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi susu, Jumapili ijayo tuwashe pamoja, wewe huko na sisi huku." Tukafanya hivyo.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyekuja ukiwa mtoto, utusamehe tulivyosahau kukungojea pamoja na watoto wetu. Utukute tukiwa macho siku ile utakaporudi. Amina.