Usukani wa michezo ya magari: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

MICHEZO ya mbio za magari inayochezwa kwenye tarakilishi na mitambo ya video iliacha zamani kuwa shughuli ya watoto. Safari Rally iliporejea kwenye ratiba ya Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari (WRC) mwaka 2021, baada ya kukosekana kwa miaka 19, tayari kulikuwa na watu waliokuwa wamelionja vumbi la Kenya wakiwa sebuleni. Mchezo wa WRC 9, uliotolewa Septemba 2020, ulikuwa umeijumuisha Kenya miongoni mwa nchi zake.

Mwenye kucheza kwa vidole na vibonyezo huchoka upesi na kuanza kutamani usukani. Hapo ndipo gharama hupanda ghafla. Usukani wa maana huweza kumeza mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kawaida, na wengi hununua kwa kuangalia picha iliyo kwenye kasha, kisha wakagundua nyumbani kwamba kifaa hicho hakiwezi kuzungumza na mtambo walio nao.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kuna sukani za aina mbili zinazofanana sana kwa macho. Mojawapo hurudishwa katikati na springi au utepe wa mpira, na inapotakiwa kumsisimua mchezaji hutetemeka tu, kama simu iliyonyamazishwa. Nyingine ina mota ndani yake, na mota hiyo huuvuta usukani, huukaza na kuulegeza kwa kufuata hesabu zinazofanywa na mchezo. Hii ya pili ndiyo yenye mrejesho wa nguvu, na ndiyo inayozungumziwa hapa.

Wauzaji wengi huzichanganya aina hizi mbili, baadhi kwa kutojua, baadhi kwa kujua sana. Njia nyepesi ya kuzitenganisha ni kuangalia waya. Usukani unaotegemea waya wa tarakilishi pekee, bila adapta yake ya kuchomekwa ukutani, aghalabu hauna nguvu ya kumpinga mtu mikononi.

Kwa nini mrejesho huo una thamani? Gari linapokata kona, mpira wa magurudumu ya mbele hujipinda mahali unapogusana na barabara, na nguvu inayozaliwa hapo hujaribu kuyanyoosha magurudumu yarudi kuelekea mbele. Dereva huihisi nguvu hiyo kama uzito mikononi. Kona inavyozidi kukazwa, ndivyo uzito unavyoongezeka.

Lakini kuna kiwango ambapo mambo hugeuka. Tairi linapokaribia ukomo wa kushika barabara, uzito ule huanza kupungua kabla ya mshiko wenyewe kuisha. Usukani huwa mwepesi ghafla, kama kamba iliyokatika upande wa pili. Dereva mzoefu huupokea wepesi huo kama onyo, akapunguza kona kidogo na kuliokoa gari. Mchezaji anayetegemea macho peke yake huona tatizo pale gari linapoelekea kichakani.

Vivyo hivyo, sehemu ya nyuma ya gari inapoteleza, usukani huanza kujizungusha wenyewe kuelekea upande wa kuokoa. Mota iliyo nyepesi na ya haraka huufikisha hapo kwa wakati. Iliyo nzito au inayokwamishwa na gia huchelewa, na kuchelewa kidogo tu kunatosha kuliwaza gari likageuka nyuma mbele. Kwa hiyo, swali la namna mota inavyounganishwa na usukani si la mafundi pekee.

Njia kongwe na ya bei nafuu ni ya gia. Kampuni ya Logitech iliijengea sifa kupitia G25 ya mwaka 2006, G27 iliyofuata, na G29 pamoja na G920 za mwaka 2015. Mwaka 2020 ilitoa G923, iliyoingia sokoni kwa takriban dola 400 za Marekani. Sukani hizi ni imara, huvumilia miaka mingi, na vipuri vyake si adimu. Kasoro yake ni kelele za meno ya gia kugongana, pamoja na uwazi mdogo katikati ambapo usukani huchezacheza bila kusema lolote. Wanaoishi kwenye vyumba vya kupanga vyenye kuta nyembamba wasiidharau habari hiyo ya kelele, hasa ikiwa wanacheza usiku.

Njia ya pili hutumia mkanda badala ya gia, kama ilivyo T300 ya Thrustmaster ya mwaka 2014. Huwa kimya zaidi na laini zaidi, ingawa mkanda wenyewe hufyonza baadhi ya mitikisiko midogo kabla haijafika mikononi. Kampuni hiyo pia hutengeneza sukani zinazochanganya mkanda na gia, kwa mfano T248.

Ya tatu huufunga usukani moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, pasipo gia wala mkanda. Kwa miaka mingi hii ilikuwa anasa ya wachache. Kampuni ya Simucube ya Finland, kwa mfano, imewahi kuuza mota zenye nyutoni-mita 17, 25 na hata 32. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2021, Fanatec ilipotoa CSL DD yenye nyutoni-mita 5 kwa bei ya takriban dola 350, usukani wenyewe na vikanyagio vikinunuliwa kando. Moza ya China ilifuata na R5 yenye nyutoni-mita 5.5, na tangu hapo bei za aina hii zimekuwa zikizikaribia zile za sukani za mkanda.

Takwimu hizo za nyutoni-mita huwatisha wengi bila sababu. Chukua usukani wenye upana wa sentimita 30. Nyutoni-mita 2, ambazo ni karibu kiwango cha G29, ni sawa na kuning'iniza uzito wa takriban kilo 1.4 ukingoni mwake. Nyutoni-mita 5 ni takriban kilo 3.4, na 8 ni kilo 5.4. Nyutoni-mita 25 hufikia kilo 17, mzigo ambao si watu wengi wangependa kupambana nao kwa saa nzima baada ya kutoka kazini.

Kwa matumizi ya nyumbani, kiwango cha kati ya nyutoni-mita 5 na 8 kinamtosha mtu mzima. Zaidi ya hapo, kinachoongezeka ni uchovu na hatari. Gari likigonga ukuta mchezoni, mota kubwa huweza kuupindua usukani kwa kasi ya kuumiza kidole gumba kilichonaswa kwenye mikono yake. Sukani nyingi pia hujizungusha zenyewe pindi zinapowashwa ili kutafuta katikati. Mikono na watoto wawe mbali wakati huo, na hali kadhalika umeme unaporudi baada ya kukatika.

Suala linalowaumiza wanunuzi zaidi ni upatanifu. PlayStation na Xbox hazikubali usukani wowote tu. Kila moja hutambua vifaa vilivyoidhinishwa kwa ajili yake. G29 hufanya kazi kwenye PlayStation na tarakilishi, ilhali ndugu yake G920, anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili, ni wa Xbox na tarakilishi. Moza R5 ni ya tarakilishi pekee. Kwa upande wa Fanatec, idhini ya Xbox imo ndani ya usukani wa kushikwa mkononi, na ya PlayStation imo ndani ya mota. Anayenunua kipande kimoja kimoja asipoyajua hayo atajikuta na nusu ya kifaa.

Mwenye tarakilishi ndiye mwenye uhuru mkubwa, kwa sababu takriban kila aina hukubalika huko. Michezo mizito ya uigaji kama iRacing na Assetto Corsa Competizione pia ina makao yake makuu kwenye tarakilishi.

Vikanyagio husahaulika, na hilo ni kosa la gharama. Kwenye gari halisi, mguu huipima breki kwa nguvu unayoitia, wala si kwa umbali ambao kikanyagio kimesafiri. Vikanyagio vya bei nafuu hupima umbali. Vilivyo bora vina kihisio cha mkazo, kinachosoma nguvu ya mguu, na misuli huikumbuka nguvu kwa usahihi kuliko inavyokumbuka umbali. Mwenye bajeti finyu anashauriwa kununua usukani wa kadiri na breki nzuri, badala ya mota kubwa na breki ya kubahatisha. Muda mwingi hupotelea kwenye breki.

Kisha kuna mahali pa kuufunga. Usukani wa gia hutulia kwenye meza nzito ya mbao. Wa nyutoni-mita 8 huitikisa meza hiyohiyo hadi kikombe cha chai kikahama, na vikanyagio vyenye breki ngumu huteleza sakafuni na kumsukuma mchezaji nyuma pamoja na kiti chake cha magurudumu. Fremu maalumu za alumini zipo, ila ni ghali na nzito kusafirisha. Fundi wa jua kali anaweza kuchomelea fremu ya vyuma vya mraba kwa bei ya chini mno, mradi apewe vipimo vya matundu ya skrubu mapema, na kiti kutoka kwa wauza vipuri vya magari makuukuu.

Anayeagiza kutoka nje ajumlishe usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kabla ya kushangilia bei aliyoiona. Athibitishe pia kwamba adapta inakubali volti 240. Na aulize dhamana itahudumiwa wapi. Mwaka 2024, kampuni ya Endor iliyokuwa ikimiliki Fanatec iliingia kwenye ufilisi nchini Ujerumani kabla ya Fanatec kununuliwa na Corsair ya Marekani, na kipindi hicho kiliwakumbusha wateja kwamba hata jina kubwa laweza kuyumba.

Usukani ukishafika, kosa la kawaida ni kupandisha nguvu hadi mwisho ndani ya mchezo. Mota ikiombwa nguvu isiyo nayo, hubaki kwenye kilele chake, na kila kitu kilicho juu ya hapo huhisika sawa. Shimo, ukingo wa barabara na kona kali huwa kitu kimoja. Kupunguza kiwango hurudisha tofauti hizo, ingawa usukani utaonekana mwepesi zaidi siku ya kwanza. Michezo kadhaa huonyesha kwenye skrini mota inapofikia kilele, na ni busara kupunguza hadi ishara hiyo ijitokeze kwa nadra tu.

Kwa mitumba, uuwashe usukani mbele ya muuzaji na uuache ujizungushe wenyewe kutoka mwisho hadi mwisho. Sikiliza kama gia zinaruka meno. Ushike katikati na uuchezeshe taratibu. Uwazi mkubwa ni dalili ya gia zilizochakaa. Kanyaga breki polepole huku ukitazama kipimo chake kwenye tarakilishi, kwa kuwa vihisio vya kusuguana vilivyoingia vumbi hurukaruka hata mguu ukiwa umetulia. Hitilafu hiyo mara nyingi huondoka kwa kusafishwa, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Adapta ikikosekana, jumlisha bei ya nyingine kabla ya kukubaliana.